Ejenti anataka milioni saba na nusu nikafundishe Kiingereza Thailand, na mama yuko tayari kuweka ploti

Senga shikamoo. Natumai wewe na watu wa kwako mko salama.

Mi ni mwalimu, nina miaka 28, nakaa hapa Jinja. Nimezaliwa kambini nikakulia kambini maana baba alikuwa askari kabla hajastaafu, ndo sababu nakuandikia kwa Kiswahili, hiki ndo tumekulia nacho nyumbani. Nina digrii ya ualimu, masomo yangu ni Kiingereza na Literecha, nafundisha sekondari moja ya binafsi. Mshahara wa kwenye barua ni shilingi laki sita za Uganda kwa mwezi ila taamu iliyopita tulipewa nusu, na hii tumeanza na maneno matamu tu, mara wazazi hawajalipa fizi, mara subirini wiki ijayo. Serikalini nako unajua mwenyewe, walimu wa sayansi wenye digrii walipandishwa mpaka milioni 4 mwaka 2022 na sisi wa sanaa tukabaki tunaangalia, na hiyo nafasi yenyewe ya serikali unaweza kuingoja mpaka uzeeke.

Sasa kuna dada nilisoma naye chuo, yuko Thailand anafundisha Kiingereza. Kila siku status yake ni watoto wamepanga mstari wanaimba, yeye kwenye pikipiki, chumba chake kina AC na friji, anasema kodi ni kama laki nne na nusu za huku. Nikianza kutafuta habari za Thailand simu ikaanza kuniletea video za wazungu wamekaa na laptopu zao Chiang Mai wanasema hapa maisha ni rahisi mno, unakula vizuri unalala vizuri kwa hela kidogo. Nikafanya hesabu usiku kucha Senga, nikaona kwa nini nife na chaki hapa wakati kazi hii hii wengine wanaifanya huko na wanaishi kama watu.

Nikapata ejenti Kampala. Si yule dada aliyenipa, nilimuuliza akasema yeye alipitia kwa shule moja kwa moja na nafasi pale zimejaa. Huyu ejenti nilimwona kwenye grupu la WhatsApp. Anataka milioni 7 na laki 5, ndani yake kuna tiketi, viza na nafasi ya kazi. Mshahara anasema ni dola 1,200 na nyumba ya bure. Interviu nilifanyiwa kwa simu, dakika kama kumi, waliniuliza umri, kama najua kutumia kompyuta na nachapa kwa spidi gani. Vyeti hawakutaka kuona. Viza ni ya utalii, anasema wote wanaingia hivyo, mkifika inabadilishwa. Anataka milioni 3 kabla mwezi haujaisha maana nafasi zimebaki mbili.

Hela sina. Mama anauza mukene, wale dagaa wa ziwani, pale Masese, amenunua ploti ndogo Bugembe kwa miaka mingi ya kujinyima, na ameshasema yuko tayari iwekwe kwenye SACCO nipate mkopo, anasema mwanangu nenda, utanirudishia. Kaka yangu hataki kabisa. Yeye anasema nikae hapa hapa nifundishe Wachina kwa laptopu, eti ndo hela ya siku hizi, kulala Jinja kulipwa dola. Mimi laptopu yenyewe ya kuazima.

Senga sitaki kukudanganya, nimechoka. Nataka na mimi nitoke nikaone. Nikubali au nikatae? Na je ni kweli maisha kule ni rahisi kama wanavyosema?

Mwalimu wa Jinja

---

Marahaba mwanangu.

Hiyo milioni 3 usiipeleke. Naanza hapo kwa sababu umesema anaitaka kabla mwezi haujaisha na barua hii sijui utaisoma lini, kwaiyo kama uko njiani kwenda Kampala geuka kwanza urudi, alafu tuongee taratibu.

Ngoja nikuoneshe kitu kwenye maneno yako mwenyewe. Umesema ni kazi ya kufundisha Kiingereza, lakini interviu hawakuuliza umefundisha darasa gani, hawakutaka kuona digrii, waliuliza spidi ya kuchapa. Mwalimu anaulizwa spidi ya kuchapa ya nini? Mwanangu hilo swali ndo lililonifanya nisilale. Pale Thailand mji wa Mae Sot uko mpakani, katikati kuna mto unaitwa Moei, ng'ambo ya mto ni Myawaddy, Myanmar. Huko ng'ambo kuna makampaundi yamezungushiwa ukuta na walinzi wenye bunduki, watu wamefungiwa ndani wanachati usiku kucha wakijifanya wapenzi au wafanyabiashara ili kuibia watu wa Ulaya na Marekani hela zao. Wanachotafuta ni kijana anayejua Kiingereza, anachapa haraka, ana shida ya kazi. Wengi waliahidiwa kazi nzuri Bangkok, wakapokewa uwanja wa ndege na gari, wakafikiri wanapelekwa hotelini, gari ikaenda masaa na masaa mpaka mpakani. Umoja wa Mataifa mwaka 2023 ulikadiria kuna watu wasiopungua 120,000 wanaolazimishwa kazi hiyo Myanmar peke yake. Februari 2025 kundi moja la watu 260 lilivushwa kurudi Thailand, Waethiopia walikuwa wengi kuliko wote, na kulikuwa na Wakenya, Watanzania, Warundi, na Waganda wenzetu pia. Watu waliondoka nyumbani kwa shangwe na begi jipya kama unavyotaka kuondoka wewe.

Simjui huyo ejenti wako. Inawezekana ni mtu wa kula hela tu, akupeleke mpaka Bangkok akuache na viza inayokaribia kuisha. Inawezekana hata hafiki huko, akishapokea milioni 3 anazima simu. Katika hayo yote hakuna moja ambalo ploti ya mama inapona.

Sasa tuje kwenye viza maana hapo ndo wanapowapigia. Ukweli ni kwamba mtu aliyeingia Thailand na viza ya utalii anaweza kubadilishiwa akiwa ndani, sheria inaruhusu, ndo maana uongo wao unaonekana kama ukweli. Lakini anayekubadilishia ni shule, kwa makaratasi ya shule, na mpaka kibali cha kazi kitoke huruhusiwi kuingia darasani. Ukikamatwa unafundisha bila kibali faini ni kati ya baht 5,000 na 50,000, baht ndo hela ya kule, na unarudishwa kwenu. Viza ikiisha ukiwa bado ndani ni baht 500 kila siku mpaka ifike 20,000. Njia ya mwalimu mwenye kazi ni viza inayoitwa Non-Immigrant B. Shule inakuandikia ofa, inashughulikia karatasi za wizara ya kazi kule kwao, inakutumia, na wewe unaomba viza ukiwa bado uko Uganda. Ubalozi unaotuhudumia sisi uko Nairobi, na tangu Januari 2025 maombi yanafanyika onlaini. Karatasi zako mwenyewe ni digrii, transkripti, cheti cha tabia njema kutoka Interpol Kampala, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hiyo bila kuonesha mtu wa Uganda haingii Thailand. Na sababu pasi yetu si ya nchi wanazoziita za wazawa wa Kiingereza, utaulizwa cheti cha mtihani wa Kiingereza, TOEIC angalau 600 ndo wengi wanataja, au IELTS. Najua inauma. Umesoma kwa Kiingereza tangu P1, umefundisha hicho hicho Kiingereza, alafu mtu anakuambia thibitisha. Inauma kweli lakini ndo mlango wenyewe ulivyo, na IELTS unaifanyia hapa hapa Kampala, cheti chake kinakaa miaka 2 tu kwaiyo usikifanye mapema kabla hujaanza kuomba kazi.

Shule za kawaida kule zinakuhitaji pia uwe na leseni ya baraza la walimu linaitwa Khurusapha, au barua ya muda ya kuruhusiwa kufundisha wakati unaitafuta leseni. Wewe una digrii ya ualimu yenyewe, si ya biashara wala ya kilimo, na hapo una nguvu kuliko hata wazungu wengi wanaoenda na digrii ya chochote. Usikubali mtu akuingize kwa mlango wa nyuma wakati karatasi ya mlango wa mbele unayo kabatini.

Hesabu ya dola 1,200 nayo tuipige. Hiyo ni karibu baht elfu 40, na hiyo ndo hela wanayolipwa walimu wenye pasi ya Uingereza au Marekani kwenye shule nyingi. Wafilipino na Waafrika, hata wakiwa wazuri kuwashinda, mara nyingi wanapewa 15,000 mpaka 25,000. Ni ubaguzi, siwezi kuuita jina lingine, na matangazo mengine yanaandika wazi kabisa wanataka wazawa tu. Nakuambia ili usije ukakaa pale unalia ukidhani ni wewe una kasoro. Na ili ujiulize, kama shule inaweza kumpata mwalimu kwa 20,000, huyu wako anatoa wapi 40,000 na nyumba juu, kwa mtu ambaye cheti chake hakijaonekana?

Umeuliza kama maisha ni rahisi. Ndiyo, kwa anayepata hela kutoka pengine. Hao wa kwenye video wanalipwa na kampuni za London au Chicago alafu wanakula Chiang Mai, na wanaotaka kukaa hivyo kihalali wamewekewa viza yao tangu Julai 2024, inaitwa DTV, ya miaka 5, na sharti lake ni uoneshe benki una baht 500,000. Kwa hela yetu inakaribia shilingi milioni 55. Maisha yao na ya mwalimu anayelipwa na shule ya mkoani ni vitu viwili, hata kama wananunua wali kwa mama mmoja.

Kuna binti wa huku kwetu anafundisha Udon Thani, kaskazini mashariki, nilimwomba aniandikie matumizi yake. Analipwa 20,000, baht moja ni kama shilingi 110 kwaiyo weka milioni 2 na laki 2. Chumba 4,000. Umeme na maji elfu moja hivi, akiwasha AC kila usiku inapanda. Chakula 5,500 kwa sababu anakula vya barabarani na kupika mwenyewe, akitamani maharage na unga wa posho anatafuta kwa shida na bei si ya kucheka. Mafuta ya pikipiki na nauli 1,500, simu na intaneti 600. Inabaki 7,000 na kidogo, karibu laki nane. Ni hela, sikatai, ni zaidi ya mshahara wako wote wa sasa. Lakini sikia yale ambayo status haioneshi. Mwaka wa shule unaanza katikati ya Mei unaishia Machi, na mikataba mingi ni ya miezi 10 au 11, likizo kubwa hailipwi. Ukifika mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi na dipoziti juu, mara nyingi ya miezi miwili, na mshahara unakuja mwisho wa mwezi, kwaiyo unahitaji kama baht 40,000 mfukoni siku unashuka ndege, nje ya tiketi. Kila siku 90 unaripoti uhamiaji. Na mikataba mingi si ya shule, ni ya wakala anayekukodisha kwa shule na kukata chake, uliza hilo kabla hujasaini. Ukiweka juu yake mkopo wa SACCO wa milioni 7 na nusu na riba, mwaka wa kwanza wote utakuwa unafanyia kazi SACCO. Mama atakuwa Masese anaombea uzima wako na huku anaogopa kila simu inayoita.

Nchi zingine nipite haraka. Korea Kusini viza yao ya walimu wa lugha inaitwa E-2, kwa Kiingereza wanachukua Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, Uganda hatumo, kwaiyo ejenti anayekuuzia Korea mkimbie. Vietnam wanakubali ila wanataka digrii, cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, au mfano wake, na rekodi ya polisi, vyote vimehalalishwa na mihuri. Inawezekana, inachosha.

Kaka yako sasa. Ana akili, ila hilo la Wachina limepitwa. Julai 2021 serikali ya Uchina ilikataza walimu walio nje ya nchi kufundisha watoto wao kwa mtandao, na zile kampuni zilizokuwa zinaajiri maelfu zikafunga au zikageuza biashara. Kilichobaki ni majukwaa ambayo mwanafunzi anakuchagua mwenyewe, kama Preply na italki. Preply haiangalii pasi yako, lakini somo la kwanza na kila mwanafunzi mpya wanachukua wao lote, na yanayofuata wanakata asilimia 33 mwanzoni, inashuka taratibu mpaka 18 kadiri masaa yako yanavyoongezeka. Italki wanakata 15. Hela inafika kwa Payoneer, huduma ya kupokea malipo ya nje, alafu inaingia benki ya hapa. Mwanzoni bei utaiweka chini sababu huna maoni ya wanafunzi, dola 5 au 6 kwa saa, na wiki zingine hupati mtu. Sikuahidi utajiri hapo.

Lakini kuna kitu nakuomba ukifikirie kwa makini. Kwa Kiingereza unashindana na walimu kwa maelfu kutoka dunia nzima. Kwa Kiswahili ni wachache. Wewe mtoto wa kambi una Kiswahili cha kuzaliwa, una digrii ya kufundisha lugha, na unajua kumweleza mtu sarufi kwa Kiingereza kilichonyooka. Unajua ni wangapi wenye hivyo vyote? Wapo watu wa mashirika wanaohamia Nairobi na Goma, wamisionari, watafiti, wazazi wa Afrika Mashariki walioko Minnesota na Birmingham ambao watoto wao wamepoteza lugha na bibi akipiga simu hawaelewani. Hawa wanalipa na wanakaa muda mrefu. Na hata hapa nyumbani, Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima primari na sekondari, walimu hawatoshi. Kozi fupi ya kuongeza Kiswahili kwenye karatasi zako haitapotea. Fungua profaili mbili, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili, uone ipi inavuta.

Saa zetu nazo zinakusaidia. Uturuki na Saudia saa zao ni sawa na zetu kabisa, mtu mzima akitoka kazini jioni anataka Kiingereza cha interviu, na wewe ndo umetoka shule. Kwaiyo huhitaji kuacha darasa kuanza.

Usichukue mkopo wa laptopu mpya. Tafuta ya mkono wa pili na hedfoni yenye maiki nzuri, kaka yako akuchangie maana wazo ni lake. Umeme wa Jinja una siku zake, ukikatika katikati ya somo mwanafunzi anakuandikia nyota moja, kwaiyo simu iwe imejaa chaji na hotspoti tayari, na laini mbili za mitandao tofauti. Bando hesabu kama gharama, tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data, ukiongeza na VAT. Na ukumbuke uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima siku kadhaa, kwaiyo ukishakuwa na wanafunzi wa kudumu waambie mapema kukiwa na dalili.

Hamu yako ya kutoka siipingi mwanangu. Mtu wa miaka 28 aliyechoka anaposema nataka kuona dunia simwambii akae. Ninachokataa ni kutoka kwa njia ambayo ikikatika mnaanguka wawili. Thailand ibaki kwenye mpango, lakini uiendee wewe, si ejenti. Shule nyingi kule zinaajiri kabla ya Mei na tena Oktoba. Mwombe yule dada mliyesoma naye akupe majina ya shule alizoomba yeye, hata zilizomkataa, uandikie mwenyewe. Shule ya kweli itataka kukuona kwenye video, itataka somo la mfano, itataka digrii kabla ya jina lako la pili. Na mwalimu mkuu atakuruhusu uongee na mwalimu mwingine wa kigeni aliyepo.

Na kama unachotaka hasa ni mazingira mapya na mshahara unaofika tarehe yake, usiruke Kigali. Rwanda waliamua 2008 kufundisha kwa Kiingereza na wamekuwa wakitafuta walimu wa kigeni. Unapanda basi na kitambulisho cha taifa, na Uganda, Kenya na Rwanda walikubaliana kutotozana ada ya kibali cha kazi, ingawa kibali chenyewe lazima uombe. Kodi ya Kigali iko juu kuliko Jinja, hilo ulijue. Lakini ikikushinda unarudi nyumbani kwa nauli ya basi.

Kwa huyo ejenti fanya hivi. Mwandikie kwa ustaarabu, umuulize jina kamili la shule na mji, namba ya leseni yake ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na kwa nini viza si Non-B. Usimfokee. Kampuni zenye leseni ya kupeleka watu nje ziko kwenye orodha ya wizara, linganisha jina herufi kwa herufi maana wanaiga majina. Akikujibu kwa hasira au akakuambia nafasi imebaki moja, basi umeshajibiwa. Hifadhi meseji zote, namba zake na jina la grupu, upeleke kwenye ofisi ya kuzuia biashara ya binadamu iliyo Wizara ya Mambo ya Ndani, tuna sheria ya jambo hili tangu 2009. Kwenye hilo grupu kuna wengine waliokwisha lipa na wanafunga mabegi, fikiria na wao.

Mama nenda ukamwone wewe mwenyewe, usimpigie simu. Atadhani umekataa kwa kumwonea huruma. Mweleze kwamba safari ipo ila hati ya ploti irudi ilikokuwa, umwoneshe na hesabu ya Udon Thani kwenye karatasi. Mtu aliyeuza mukene miaka yote hiyo hesabu hazimpigi chenga, ataelewa haraka kuliko unavyofikiri.

Mshahara wa taamu iliyopita usiuache pia. Andikeni barua moja walimu wote mliodhulumiwa, kila mmoja aweke kiasi anachodai, mpeleke nakala kwa afisa wa kazi wa jiji. Ukienda peke yako watakutoa wewe, mkienda kumi watakaa chini na nyinyi.

Ukipata ofa yoyote yenye jina la shule nitumie niisome na wewe kabla hujasaini.

Senga